Maji ya Newala na Tairi Pana

Nikisema nililionea fahari lile gari nitakuwa najipendelea. Nilikuwa na kiburi nalo. Lilikuwa saluni nyeupe, nikamwambia fundi alishushe, akakata springi mpaka likawa chini kabisa. Walimu wenzangu walinicheka: mwalimu wa hesabu, mwanamke wa miaka arobaini na moja, anaendesha gari la wapambe wa harusi! Kadiri walivyonicheka ndivyo nilivyozidi kulipenda.

Jumamosi ile asubuhi nilikuwa gereji, hapa Masasi, nafungiwa rimu mpya na tairi pana kuliko za mwanzo. Mama alikuwa nyumbani, ameshavaa, ananisubiri. Mdogo wangu alikuwa amejifungua kwa upasuaji siku nne nyuma, huko Newala. Ameruhusiwa kutoka hospitali, mumewe yuko safarini, na bomba la mtaani kwao lilikuwa wiki ya pili halijatoa hata tone. Kichanga ndani, mzazi ana kidonda, na maji ya kufulia nepi hakuna. Tulikuwa tunampelekea.

Fundi alimaliza kukaza nati, akapitisha kidole kati ya tairi na madigadi, bati la juu yake, kisha akatikisa kichwa.

"Madamu, gari lililoshushwa halipimwi likiwa tupu. Ngoja niwaite wale wanne waingie nyuma, tuone linavyokaa."

Wale wanne walikuwa kijiweni pembeni, nguo zao zote grisi. Viti vyangu vilikuwa na kava mpya.

"Kidole si kimepita?" nikamuuliza.

"Kimepita, ila—"

"Basi. Mama ananingoja."

"Leo unabeba watu wangapi?"

"Mimi na mama tu."

Sikumdanganya. Ndivyo nilivyoamini. Kwetu mtu anayepanda Newala hubeba maji kama anavyobeba simu yake, na hakuna anayeyaita mzigo. Nilifika nyumbani, nikatoa tairi la akiba kwenye buti ili madumu manne yaenee, mengine mawili nikayaweka kiti cha nyuma. Mama akakaa kando yake, upande wa kushoto, maana mbele hakai hata umbembeleze. Lita mia na ishirini, na mimi mwalimu wa hesabu sikuziweka kwenye hesabu.

Mlio wa kwanza niliusikia njiani, kwenye tuta la barabarani pale Chiungutwa. Krrr, mfupi, nyuma kushoto. Nikaongeza sauti ya redio. Tuta la pili ukalia tena, mrefu zaidi. Mama alikuwa anaimba tenzi za kanisani kwa sauti ya chini, kama afanyavyo kila safari. Akazikatiza.

"Ni nini hicho, mwanangu?"

"Kokoto tu, mama."

Nilijua si kokoto. Nilipunguza mwendo, nikakwepa kila shimo kama mtu anayebeba mayai, na bado kila mara gari lilipoinama kushoto ule mlio ulirudi. Baadaye ikaja harufu ya mpira unaoungua. Mama alifungua kioo. Ningefurahi kama angenigombeza.

Chini ya kilima cha kupandia Newala nilisimama. Nikashuka, nikainama. Ukingo wa madigadi ulikuwa umelichonga tairi ubavuni, mpira umelika mviringo mzima, na nyuzi za ndani zilianza kuonekana, nyeupe, nyembamba. Juu yetu barabara ilikuwa inapanda kona baada ya kona, na upande mmoja ni bonde.

Mama alishuka naye, akashika goti, akaangalia nilipokuwa naangalia.

"Litapasuka?"

"Likiendelea kugusa, litapasuka."

"Tairi la akiba?"

"Nimeliacha nyumbani."

Nilifungua buti, nikashika kifuniko cha dumu la kwanza. Nilikuwa nimeshaanza kukizungusha aliponikamata mkono.

"Unamwaga maji? Njia ya Newala? Mtoto ataogeshwa na nini?"

"Basi niyashushe hapa, wewe uyalinde, nitayarudia."

"Na hilo tairi litarudi?"

Tulihamishia madumu mawili mbele, gari likainuka kidogo, kidole kikapita kwa shida. Mama akarudi kukaa nyuma ili tujaribu. Kidole hakikupita tena.

"Nitoe mimi," akasema. "Maji yabaki."

"Mama, kilima hiki?"

"Nimekipanda na mimba yako tumboni. Nenda. Polepole."

Alikuwa na miaka sitini na saba, na goti lile lilikuwa linamsumbua tangu masika. Pikipiki hapandi tangu alipoangushwa. Alijifunga kanga ya pili kiunoni, akashika pembeni mwa barabara, akaanza. Nami nikaingia kwenye gari.

Nilipanda kwa gia ya kwanza, redio nimeizima, masikio yote nyuma kushoto. Krrr moja tu, nikapiga kelele peke yangu. Kwenye kioo mama alikuwa mdogo, kisha mdogo zaidi, mkono mmoja juu ya goti, na kona iliyofuata ikamficha. Nilifika juu mzima, maji mazima, na nilipoingia mjini watoto wa barabarani waligeuka kulitazama gari. Aibu iliyoje, nilisikia raha.

Mdogo wangu alitoka mlangoni amembeba mtoto, anatembea kwa kujishika tumbo. Aliona madumu, akacheka kwa furaha. Kisha akainama, akachungulia kiti cha nyuma.

"Shikamoo, dada. Mama yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kilimani. Anakuja kwa miguu."

"Kwa miguu?" Alinitazama, akalitazama gari. "Umemwacha mama, ukaleta gari?"

Nilitaka kumwambia nimeleta maji. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini ningeweza kuliegesha gari na madumu yake pale chini, tukakaa kivulini mimi na mama, nikapiga simu tufuatwe. Wazo hilo halikunijia hata mara moja, kwa sababu sikutaka kuliacha gari langu peke yake barabarani.

Nikamwambia, "Ndiyo."