Vimelea Vilivyorudi Bugwema

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi. Chumba cha maabara kilikuwa nyuma ya ofisi za mradi, mjini Musoma, dirisha lake likitazama majabali na kipande cha ziwa. Nilisimama mlangoni nimekumbatia bahasha ya cheti changu cha kidato cha nne kama mtu aliyeitwa polisi. Mkuu wa Maabara alipofika alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba.

"Wewe ndiye wa kuosha slaidi?"

"Ndiyo, mzee."

"Sasa unatetemeka nini? Slaidi haziumi."

Niseme mapema kwamba nimestaafu kabla ya kufika miaka thelathini na tano. Ndugu zangu wakilisikia neno hilo wanacheka. Lakini mradi wa utafiti wa malaria ulioniajiri umefungwa, hadubini zake zimegawiwa zahanati, na mimi sasa nafuga kuku Bunda. Vijana wanaoanza kazi kama yangu kwenye mradi mwingine wameniomba niwaandikie tulivyokuwa tukiifanya. Aya hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Ndivyo nilivyo; kitu kikiwa na kasoro ndogo, silali.

Slaidi ni kipande chembamba cha kioo. Unatoboa kidole cha mgonjwa, unafuta tone la kwanza, kisha unagusisha yanayofuata kwenye kioo. Tone moja unalizungusha kwa kona ya kioo kingine mpaka liwe duara. Hilo ni tone nene, la kutafutia kama vimelea vipo. Jingine dogo unalivuta mpaka liwe utando mwembamba, wa kutambulia ni vimelea vya aina gani. Baada ya hapo slaidi inakauka ikiwa imelala, kivulini, maana jua huipika damu na rangi ikakataa kuingia. Na lazima ifunikwe. Nzi wa Musoma wanapenda damu mbichi, na wamekula utafiti mwingi ambao hautasomwa kamwe. Ikikauka unaitia rangi, unaweka tone la mafuta, unaiingiza chini ya hadubini.

Hakuna chuo nilichosomea hayo. Slaidi zilizokwisha kusomwa na kuhakikiwa zililetwa kwangu nizioshe zitumike kwa mazoezi, nami nikaomba ruhusa ya kuzitazama kabla ya kuziosha. Ukutani kulikuwa na bango la picha za vimelea katika umri wao wote. Nilikuwa natazama bango, natazama hadubini, narudi kwenye bango, mpaka shingo inakakamaa. Shida yangu ilikuwa moja: niliona vimelea kila mahali. Punje ya rangi iliyoganda, kimelea. Vumbi, kimelea.

Mkuu wa Maabara alivuta kiti akaketi karibu nami. "Sikiliza, binti. Kimelea kina kiini chekundu na mwili wa bluu. Usipoviona vyote viwili, ujue umeona hofu yako."

Sentensi hiyo imenisaidia hata nje ya maabara.

Aliponipima kwa slaidi za mtihani nilianguka, kwa sababu nilimpa malaria mtu mwenye afya, asiye na kimelea hata kimoja. Akanipa muda, akanipima tena, nikapita. Nikawa msomaji wa pili. Katika utafiti kila slaidi husomwa na watu wawili ambao hawaambiani majibu. Wakitofautiana, wa tatu huamua. Kwa mtu mwenye wasiwasi kama mimi utaratibu huo ulikuwa zawadi. Kwa mara ya kwanza maishani sikuwa peke yangu na makosa yangu.

Kituo changu cha kwanza nje ya Musoma kilikuwa Bunda, chini ya Mganga Mfawidhi, mama mwenye sauti ndogo ambaye hata madaktari walimwogopa. Wakulima wa pamba walikuja na watoto wao wenye homa, nasi tukilinganisha slaidi na kipimo cha haraka, kile kijiti kinachoonyesha mistari. Hapo nilijifunza kwamba kijiti hutafuta mabaki ya kimelea, kwa hiyo mtu anaweza kuwa amepona na kijiti bado kinasema ndiyo. Slaidi huonyesha kimelea chenyewe. "Kijiti kinakumbuka yaliyopita," alisema Mganga Mfawidhi. "Hadubini inaona ya leo. Usiwagombanishe."

Kisha nikapelekwa Butiama, kwenye zahanati ya upande wa Buhemba, kwa wachimba dhahabu wanaolala kwenye vibanda vya maturubai karibu na mashimo yenye maji. Huko niliitwa "daktari wa kioo", na kila kidole nilichotoboa kilikuwa kigumu kama kwato. Nilikaa msimu mmoja, kisha Mratibu wa Utafiti akaniita Bugwema.

Mratibu alikuwa mtu wa Nyegina, karibu na Musoma, msomi, mpole, mwenye haraka. Utafiti wake ulihusu chandarua cha aina mpya. Watu wa vitongoji vilivyochaguliwa walipewa dawa mseto mpaka damu zikawa safi, wakapewa vyandarua hivyo, kisha tukawa tunarudi kuchukua damu kuona kama vimelea vitarudi. Katika kitongoji kimoja mwenyekiti alikuwa Mama Mugesi, mjane mrefu mwenye kicheko cha kukohoa. Mjukuu wake alikuwa amefariki kwa degedege la malaria. Ndiyo maana alipita nyumba kwa nyumba kuwashawishi watu watoe vidole, na haikuwa rahisi.

"Ninyi ni mbu wenye vitambulisho," Mzee Masatu alituambia siku ya kwanza, mikono ameificha kwapani.

"Toa kidole, shemeji," Mama Mugesi alimjibu. "Mbu wa porini anakunyonya halafu hakupi hata dawa."

"Na damu yangu mnaipelekaga wapi?"

"Musoma. Angalau damu yako imefika mjini, wewe mwenyewe hujafika tangu uoe."

Watu wakacheka, mzee akatoa kidole.

Raundi ya kwanza baada ya dawa slaidi zao zilikuwa safi. Raundi iliyofuata nikaona kiini chekundu na mwili wa bluu. Nikasafisha lenzi. Vipo. Slaidi ya nyumba ya pili, vipo. Ya tatu, vipo. Vitongoji jirani, vyenye vyandarua vilevile, vilikuwa safi. Niliamini nimeharibu kitu: rangi, maji, macho yangu. Nilizisoma upya zote. Msomaji wa kwanza alikuwa ameona nilichoona. Wa tatu naye akaona.

Mratibu akatuita ofisini. "Slaidi ni sahihi," alisema. "Basi hawalali kwenye vyandarua. Tunajua vinavyotumika: kufunika vifaranga, kuvulia dagaa. Kama ni hivyo, kitongoji kile kinatoka kwenye utafiti na vyandarua vya awamu ijayo vinakwenda kata nyingine. Siwezi kupima chandarua ambacho hakitumiki."

Moyo wangu ulitulia kwamba kosa si langu, na utulivu ule ulinikaa vibaya. Maana kama slaidi zangu zilikuwa za kweli, Mama Mugesi alikuwa mwongo, na watoto wa pale wangebaki bila kinga kwa uongo huo.

Mratibu alitaka kumwambia mwenyewe, akanichukua. Mama Mugesi alimsikiliza mpaka mwisho, akajifunga khanga kiunoni, akatutembeza nyumba hadi nyumba. Vyandarua vilikuwepo. Vimefuliwa, vimening'inia juu ya vitanda, vimefungwa fundo la mchana. Vifaranga walikuwa wamefunikwa kwa matenga.

"Uliza swali lako," alisema.

Mratibu akauliza lile swali la kawaida, ambalo kila mtafiti wa vyandarua hulijua kwa moyo: "Usiku wa kuamkia leo ulilala ndani ya chandarua?"

Ndiyo. Ndiyo. Na watoto? Ndiyo.

"Sasa, mwanangu," Mama Mugesi akasema, "mimi ni mwongo?"

"Mama, damu haidanganyi."

"Na mimi je?"

Nilitazama viatu vyangu. Niliwaamini wote wawili, damu na yule mama, na sikujua mtu anafanyaje kuamini vitu viwili vinavyokataana.

Tulikuwa tunarudi kwenye gari mayowe yalipopigwa upande wa chini. Bibi mmoja aliyeugua muda mrefu alikuwa amefariki. Kwetu huwezi kuondoka na gari lako mayowe yakipigwa, hata kama umekuja kugombana. Mratibu akaweka mkoba wake kwenye kiti, akakunja mikono ya shati. Jua lilikuwa bado kali. Wanawake walikwisha kuanza kufagia uwanja na kutandika mikeka na maturubai, wengine wakichambua mboga za kulia ugali wa udaga wa muhogo. Wanaume walikuwa wakiburuta magogo ya moto, na Mratibu akabeba gogo begani pamoja nao.

Mama Mugesi alikuwa akipanga watu. Hasira yake ameiweka kando, kama inavyotakiwa msibani. "Wanawake na watoto upande huu, mikeka inatosha. Na wewe, Daktari, kama unalala, wanaume wako pale. Kaa karibu na moto, mbu wasikumalize."

Mratibu alisimama, gogo bado begani.

"Mama. Hapa mnalala siku ngapi?"

"Ee! Kwani kwenu Nyegina msiba ukiwepo mnalalaga wapi? Hotelini?"

Wanawake wa mikekani wakaguna, wakijizuia kucheka.

"Mpaka matanga yaishe," akaongeza, sasa kwa sauti ya chini. "Nani atalala kitandani mwenzake amefiwa?"

"Na kabla hatujachukua damu mara ya mwisho, mlikuwa na msiba?"

"Miwili, imefuatana. Mzee wa kisimani, na mke wa fundi baiskeli. Tulilala nje kitongoji kizima."

"Mbona hamkusema?"

"Uliuliza usiku wa kuamkia leo. Tulikuwa tumesharudi vitandani."

Mratibu alilitua gogo, akakaa juu yake. Nasi wote tuliosomea au kujifunza mambo haya tulijua alichokuwa akihesabu kichwani. Mbu akikuuma leo, vimelea hujificha kwanza ndani ya ini. Huchukua kama wiki moja au mbili kabla ya kuonekana kwenye damu. Wakati slaidi inapoonyesha, matanga yameisha na kila mtu yuko ndani ya chandarua chake, anajibu ndiyo, na anasema kweli.

"Nimelala nje kwenye misiba tangu nikiwa mtoto," Mratibu alisema, kama anaongea na gogo. "Niliuliza kuhusu uvuvi. Niliuliza kuhusu kuchunga ng'ombe. Niliuliza mpaka kuhusu choo."

Nami nilikuwa nimelala nje msiba wa baba yangu, na mbu nawakumbuka. Timu yetu nzima ilikuwa ya watu wa Mara. Hakuna hata mmoja wetu aliyelitaja, kwa sababu jambo unalolifanya tangu utotoni halionekani kuwa jambo. Mgeni pengine angeuliza. Sisi tulikuwa tunabeba magogo.

Kitongoji hakikutolewa. Swali la misiba liliongezwa, si kwao tu bali kila tulikofanya kazi. Mratibu akapendekeza vyandarua vikubwa vya kutundika kwenye kamba uwanjani, vitunzwe na chama chao cha kuzikana pamoja na masufuria na maturubai. Mkutano ulikuwa mkali.

"Tunamlilia mtu au tunavua dagaa?" Mzee Masatu aliuliza. "Marehemu atuone tumejificha ndani ya nyavu?"

Mama Mugesi alisubiri kelele zipoe. "Marehemu ameshatangulia, shemeji. Tusimpelekee mtoto wa kumsindikiza."

Msiba uliofuata ulikuja, maana misiba haina adabu ya kusubiri utafiti, na vyandarua vilitundikwa. Wanaume kadhaa walikataa wakabaki motoni. Slaidi zao nilizijua kwa vimelea vyake, bila kuambiwa majina. Za wanawake na watoto nilizisoma, nikazisoma tena, kisha nikajilazimisha kuinua kichwa kutoka kwenye hadubini. Zilikuwa safi.

Sasa nina muda mwingi, na kuku hawahitaji ukamilifu. Vijana mnaoanza, nawaachia machache. Funikeni slaidi. Msione aibu kumpa mwenzenu asome baada yenu. Na damu ikipingana na mtu mliyemtoboa kidole, msikimbilie kuchagua nani mwongo. Chunguzeni swali mlilouliza. Sikupata cheti kipya katika kazi hii, lakini nilipata watu walionivumilia nikiwa na hofu zangu zote, kuanzia aliyenifundisha kuona mpaka walionipa vidole vyao huku wakinitania. Nikiwakumbuka nashukuru, na kushukuru ni jambo pekee ninalolifanya bila kulirudia kulikagua.

Mradi ulipofungwa tulirudi Bugwema kutoa matokeo, kama desturi ya utafiti inavyodai. Watu walijaa uwanja wa shule. Mratibu alieleza kuhusu chandarua kipya, kisha akamgeukia Mama Mugesi aliyekaa mbele.

"Tulikuja hapa tukadhani mmetudanganya," alisema. "Kitongoji hiki kilisema kweli. Mwenyekiti wenu alisema kweli."

Mama Mugesi hakutabasamu. Alijitengeneza kwenye kiti, akaelekeza kidole nyuma ya umati.

"Sema tena, mwanangu. Wale wa nyuma ni viziwi."

Mratibu akavuta pumzi, akalisema tena kwa sauti kubwa.