Majike Aliowaachilia Méthode

Mbwa wa marehemu Méthode walikuwa wanne, na katika wote wanne hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kumng'ata mnyama wa porini. Pale kijijini Magamba jambo hilo lilijulikana kama inavyojulikana kwamba fulani ana sauti nzuri kanisani. Wawindaji wengine walifuga mbwa wa kurarua. Wa Méthode walikimbiza tu. Walimtoa mnyama kichakani, wakamzungusha kwa kupokezana, wawili wakikimbia na wawili wakikata njia ya mkato, mpaka pumzi zikamwishia. Kisha walimswaga taratibu hadi alipo bwana wao, wakamzunguka, wakakaa chini ndimi nje na kumtazama Méthode usoni. Kilichobaki kilikuwa kazi ya mkuki.

Mkewe Prisila hakuupenda uwindaji huo tangu siku alipoolewa. Wazazi wake walitoka Burundi na majembe na rozari, na kwao nyama ilitoka bandani. Alimwambia mumewe kwamba si haki: mbwa wanapokezana kupumzika, na yule mnyama ni mmoja, hana wa kumpokea. Méthode alicheka. Alimuuliza kama mzungu anayelipia kibali, akakaa juu ya gari na kumpiga swala risasi kutoka ng'ambo ya mbuga, yeye ndiye anayetenda haki. Yeye Méthode anakimbia kwa miguu yake mwenyewe, na mnyama akimshinda anakwenda zake salama. Prisila alijibu kwamba dhambi ya jirani haimtakasi mtu, na mazungumzo yakaishia hapo, kama yalivyokuwa yakiishia miaka yote.

Wangeweza kuzeeka wakibishana, isingekuwa jambo moja. Mbwa wakimleta jike mwenye mimba, au anayenyonyesha, Méthode hakuinua mkuki. Aliweka vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mara mbili, mbwa wakasogea, na yule jike akaenda zake. Hata kama watu walikuwa wamekoka moto wakisubiri nyama, hata kama nyumbani palikuwa na mboga za majani wiki nzima. "Mama haliwi," alisema, na hakuongeza neno.

Prisila aliliona hilo kwa macho yake mwaka mmoja, mvua za kwanza zilipoanza, alipokwenda kuokota uyoga. Kuro jike alikuwa amesimama katikati ya mbwa, tumbo limeshuka. Mluzi ukapigwa. Kuro hakukimbia. Aliondoka hatua kwa hatua, miguu imekakamaa, kama mtu aliyesamehewa na bado haamini, akaingia kichakani. Prisila alirudi nyumbani na uyoga wake, moyo mweupe. Kuanzia siku hiyo alikula nyama ya mumewe bila kununa, na binti yao Joséline alipokua alisimuliwa habari ile mpaka akaijua kuliko hadithi za vitabuni. Hata siku ya mazishi, mwezi wa tatu mwaka huu, Méthode alipoangushwa na presha katikati ya shamba la mihogo, msemaji wa ukoo alisimama kaburini akasema, huyu alikuwa mwindaji aliyewaonea huruma akina mama.

Mbwa walibaki. Majina yao yalikuwa salamu za Méthode kwa majirani: Watasema, Wivu, Nyamaza, na Shukuru aliye mdogo kuliko wote. Arcade, mdogo wake marehemu, aliwachukua wawili kwa baiskeli hadi kwake. Kesho yake asubuhi walikuwa wamelala mlangoni kwa Prisila. Watu wengine aliowaomba wawachukue walikataa katakata. Siku hizi doria zimekuwa nyingi, na mtu akikutwa msituni na mbwa ana maswali ya kujibu. Sumu Prisila hakuiweza. Kamba walizitafuna. Basi akawapikia uji wa pumba na vichwa vya dagaa, akawaomba wakae nyumbani, nao walimsikiliza masikio yamesimama, kwa adabu zote, bila kuelewa.

Mwezi wa tisa, saa nne asubuhi, alikuwa anaanika mihogo juu ya turubai nyuma ya nyumba. Alisikia mbweko mfupi, wa namna asiyoisikia tangu mwezi wa tatu. Alipozunguka nyumba aliona wamemletea pongo, swala wa vichakani.

Alikuwa jike. Hana pembe, mwekundu, na madoa meupe ubavuni. Alisimama kati ya ukuta wa jiko na kihenge cha mahindi, miguu ya mbele imetanuka, povu limemkaukia mdomoni. Tumbo lake lilikuwa kubwa upande wa chini na lilipanda na kushuka haraka kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Mbwa walikuwa wamekaa nusu duara. Hawakumtazama pongo. Walimtazama Prisila, na Watasema alikuwa akipigapiga mkia ardhini.

Wamefanya kazi yao, sasa wanasubiri yake.

Aliwafokea waondoke. Hawakuondoka, walidhani wamekosea mahali pa kukaa, wakasogea pembeni kidogo na kukaa tena. Aliweka vidole viwili mdomoni. Ulitoka upepo na mate. Alijaribu tena, na nyuma yake mtu akacheka.

"Mama Joséline, mluzi wa mwanaume una leseni yake," alisema Matilda, jirani, ambaye alikuwa ameshafika uani na beseni lake, kwa kuwa habari ya nyama haihitaji simu. "Mungu kakuletea mlangoni, wewe unapuliza hewa."

Prisila alimpa mgongo. Alimshika Watasema shingoni akamburuta hadi sebuleni, akarudi kwa Wivu, akarudi kwa Nyamaza. Shukuru alimbeba kama mtoto. Alifunga mlango kwa komeo, akafungua geti la miti kwa upana wake wote, akasogea mbali. Kutoka pale hadi kwenye vichaka vya mtoni hapakuwa hata na mita mia mbili, na njia ilikuwa nyeupe.

Alimwambia pongo aende.

Pongo hakwenda. Prisila alizunguka nyuma yake akapiga makofi, mwanzo taratibu, baadaye kwa nguvu. Sikio moja liligeuka. Akamsukuma kiunoni kwa kiganja, na hapo ndipo alipoogopa, maana mnyama wa porini alikubali kuguswa na mtu kama mbuzi wa nyumbani. Paja lilikuwa gumu kama gogo, na lilikuwa la moto. Alitaka kitu kimoja tu asubuhi ile, yule jike afike kichakani. Hakufikiria sheria wala maneno ya watu. Aliona kwamba akifika kule, basi kila kitu alichoamini kuhusu nyumba yake kitabaki mahali pake, ingawa wakati ule asingeweza kulieleza jambo hilo hata kwa padri.

Watu walikuwa wanane uani Arcade alipofika kwa bodaboda. Alimtazama pongo, akamtazama shemeji yake, akavua koti.

"Shemeji, nipe panga."

"Huyu ana mimba."

"Naona. Kwa hiyo?"

"Kaka yako angemwachilia."

"Basi mwachilie," alisema Arcade, akionyesha geti. "Si liko wazi? Au unamngojea amalize kahawa?"

Watu walicheka kidogo. Arcade hakuwa mtu mbaya; alikuwa na haraka. Alieleza kwa sauti ya chini kwamba mnyama akifa mwenyewe nyama haina faida, na akikutwa mzima uani ni kesi, na akikutwa amekufa ni kesi pia. Njia iliyokuwa safi ni ya dakika kumi: kumchinja, kugawana, ngozi kuzikwa chini ya mgomba. Alipoona Prisila anatoa simu mfukoni alidhani anampigia Joséline chuoni.

Prisila alikuwa anampigia bwana wanyamapori. Namba yake ilitolewa kwenye mkutano wa kijiji, kwa ajili ya tembo wanaoingia mashambani, na yeye aliiandika kwa sababu aliandika kila kitu. Eustace, kijana mwenye sauti ya upole, alipokea mara ya pili. Prisila alisema jina lake lote, akasema mbwa ni wake, akasema pongo yuko hai.

Alipokata simu hapakuwa na mtu uani. Beseni la Matilda lilikuwa limeondoka na Matilda. Arcade alikuwa wa mwisho, tayari yuko juu ya pikipiki.

"Nyie mliosoma mna mambo," alisema. "Mtu anajiitia askari mwenyewe. Mimi hujaniona."

Kwenye simu Eustace alikuwa amempa maagizo. Asimpe maji kwa nguvu. Asipige kelele. Amfunike macho kwa nguo nyeusi, kwa sababu asipoona ataogopa kidogo. Yeye anatoka mjini sasa hivi kwa pikipiki. Halafu aliuliza jambo ambalo Prisila aliliona la ajabu: mkojo wa huyo mnyama ni wa rangi gani? Prisila alitazama chini. Ulikuwa umetengeneza kidimbwi vumbini, wa rangi ya chai iliyokolea majani. Aliposema hivyo, Eustace akasema anawasha pikipiki.

Alivua kitenge chake cha msiba, kile cheusi, akamfunika pongo macho na kukifunga nyuma ya masikio. Pongo alitulia. Baada ya muda miguu ya nyuma ilianza kulegea, akapiga magoti, akalala kwa ubavu. Prisila alikaa chini mavumbini karibu yake. Aliweka mkono pale alipodhani kuna mtoto, na kweli kilipita kitu chini ya ngozi, kikageuka, kikatulia. Jua lilisogea, naye akasogea nalo, ili kivuli chake kimwangukie mnyama. Sebuleni mbwa walikuwa kimya kabisa, kama walivyofundishwa.

Alianza kusali, akaacha katikati, hakujua anaomba nini. Kwamba apone? Geti lilikuwa wazi. Mbwa walikuwa wamefungiwa. Hakuna aliyebaki wa kuombwa aache.

Pikipiki iliposikika barabarani, tumbo lilikuwa limeshaacha kupanda na kushuka. Lilisimama bila ishara yoyote, mkono wake ukiwa juu yake.

Eustace alivua kofia, akamsalimia shikamoo, akachuchumaa. Alifungua kitenge, akagusa jicho, akapapasa shingo, koo na miguu akitafuta jeraha. Hakuna hata mkwaruzo. Alisema mama amefanya vizuri kumfunika.

"Hawakumng'ata," alisema Prisila. "Mbwa hawa hawang'ati. Sasa kafa na nini?"

"Si meno, mama. Ni mbio." Aliongea kama mtu asiyependa anachokisema. "Akikimbizwa kupita kiasi misuli inaharibika ndani kwa ndani. Ule mkojo uliouona, ni nyama yake mwenyewe inatoka. Moyo unafuata."

"Na akiachiliwa?"

"Mapema, anapona. Lakini akishafika pa kusimama hivi, hana mbio tena..." Alitikisa kichwa. "Anatembea kidogo, anaingia kichakani, anafia huko. Leo, au kesho kutwa. Aliyemwachilia hawezi kujua."

"Wote?"

"Wengi, mama."

Prisila alitazama miguu ya yule pongo, ilivyokakamaa. Alikuwa ameiona miguu ya namna hiyo ikitembea hatua kwa hatua kuingia kichakani, naye akaiita msamaha. Alijaribu kuhesabu mluzi ulipigwa mara ngapi katika miaka ishirini na mitatu ya ndoa, akashindwa, akaanza upya. Kila jike alikuwa wawili.

Eustace aliandika maelezo kwenye karatasi akiwa ameiweka juu ya tangi la pikipiki. Aliuliza nani aliwatuma mbwa. Prisila alisema hakuna. Kijana akasema pale hawezi kuandika hakuna. Prisila akasema aliyewafundisha ni mume wake, na yuko pale nyuma ya shamba, kaburi halijamaliza mwaka. Eustace aliishika kalamu bila kuandika, mwisho akaandika jina la Prisila, mmiliki, na kueleza kwamba mwenyewe ndiye aliyetoa taarifa. Hilo litamsaidia, alisema, ingawa hakuahidi. Kuhusu mbwa alisema atakuja Alhamisi na mtaalamu wa mifugo, wasitoke nje mpaka hapo. Prisila hakuuliza Alhamisi kutakuwa na nini. Alimsaidia kumfunga pongo nyuma ya pikipiki kwa mpira wa baiskeli, akashika kichwa kisibembee wakati fundo linakazwa.

Alasiri Arcade alirudi, kwa miguu safari hii, akipita njia ya nyuma. Aliuliza kama jina lake limetajwa. Halikutajwa. Alikaa kwenye kigogo, akapewa maji, akanywa, akajifuta mdomo. Alisema haya yote ni kwa sababu nyumba haina mwanaume wa kupiga mluzi.

"Kaka angekuwepo, shemeji," alisema kwa huzuni ya kweli, "yule jike sasa hivi angekuwa mtoni huko anakula majani na mtoto wake tumboni."

Prisila alimtazama. Akilini alimwona Joséline naye, katika bweni la watu wanane, akiwasimulia wenzake habari za baba yake. Aliona kaburi, na wale waliosimama kulizunguka wakitikisa vichwa kwa kukubali.

"Ndiyo, shemeji," alisema.

Akachukua kopo, akaenda jikoni kuchota pumba, kwa kuwa mbwa walikuwa hawajala tangu jana.