Mji Uliofungwa kwenye Pindo la Kanga

Karatasi inayotoka kwenye mashine ya fotokopi ikiwa bado ya moto ina harufu yake. Inanuka kama nguo iliyopigwa pasi, na ndani yake kuna kitu kingine kikali kidogo, kinachokaa puani. Wiki iliyopita nilikwenda kutoa kopi ya kitambulisho, dada wa pale akanipa karatasi yangu, nami nikaishika kwa viganja vyote viwili kama mtu anayeota moto. Akaniuliza, "Vipi mama, imekosewa?" Nikamwambia iko sawa. Lakini nilikuwa nimesharudi Mtoni, nina miaka kumi na mitano, nimekaa kwenye kiti cha plastiki kilichofungwa kamba mguu mmoja, mbele ya kompyuta ya Mama Neema, najenga mji.

Ngoja niwaeleze nilifikaje kwenye kiti kile.

Baba alifariki mwaka mmoja baada ya mama. Siku ya arobaini yake, kisomo kilipokwisha na wageni wa mbali wakaondoka, wakubwa wa ukoo walibaki sebuleni kwetu, wakakaa kwenye mkeka, wakatugawana. Sina neno jingine la kulieleza jambo hilo, wala silisemi kwa uchungu. Walifanya kwa huruma, na kila mmoja alichukua alichokiweza. Zuhura, mdogo wetu wa miaka minne, alikwenda na bibi Ikwiriri. Sefu, aliyekuwa na miaka kumi, alichukuliwa na baba mdogo, Gongo la Mboto, kwa kuwa baba mdogo alikuwa karani na angeweza kumsimamia masomo. Mimi mkubwa nilibaki kwenye nyumba yetu, Mtoni, na mamkubwa, dada yake mama, aliyehamia na masufuria yake ili nyumba isikae tupu.

Hakuna aliyesema niache shule. Nilikuwa kidato cha pili. Asubuhi moja mamkubwa alishikwa na mgongo, na genge lake la mboga likahitaji mtu. Kisha ikaja asubuhi nyingine, na nyingine, mpaka siku moja nilipojaribu sare nikakuta imenibana. Ndivyo nilivyomaliza shule. Mchana, genge likipoa, nilivuka barabara kwenda kwa Mama Neema, aliyekuwa na duka la kuchapa na kutoa kopi. Mama Neema alikuwa mtu wa Moshi, mwenye sauti ya kuita watu walioko ng'ambo. Alinifundisha kuchapa kwa vidole vyote, akaniachia duka kila alipokwenda kuchukua karatasi mjini.

Kwenye kompyuta ile kulikuwa na mchezo, ulioachwa na fundi aliyekuja kuitengeneza. Unapewa ardhi tupu, yenye mto katikati, unaambiwa jenga. Unaweka barabara, unapitisha mabomba, unajenga shule, na watu wanakuja wenyewe kukaa. Kiingereza changu cha kidato cha pili kilinitosha kuelewa malalamiko yao, na lo, watu wale walikuwa na madeko! Maji yakikatika kidogo tu wananuna, wanatoa vialama vyekundu vichwani, wanafungasha wanahama. Sie Mtoni maji yalikuwa yanatoka mara mbili kwa wiki na hakuna aliyehama.

"Haya mheshimiwa," Mama Neema alikuwa akiniita kutoka mlangoni, "waache wananchi wako uje umtolee huyu baba kopi. Wateja wamejaa hapa, wewe unagawa viwanja!"

Nilikuwa na sheria moja tu kwenye mji wangu: hakuna kubomoa. Mchezo ulikuwa na kitufe chake, chenye picha ya tingatinga, lakini sikukigusa. Miaka ile barabara kubwa ilikuwa ikipanuliwa, na nyumba za kando zilikuwa zimepigwa alama ya X kwa rangi nyekundu. Yetu ilikuwa nyuma, mbali na barabara, na kila mtu aliniambia haitafikiwa. Hata hivyo kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, nilitoka nje kuangalia ukuta. Basi kwenye mji wangu, barabara ikikutana na nyumba, ilikuwa barabara inayopinda. Ilipinda hapa, ikapinda pale, mpaka ikawa kama utumbo wa mbuzi.

Karibu na mto niliweka nyumba moja yenye paa la bluu. Nikaipandia miti mitatu, nikasimamisha kibao nilichokiandika KWETU. Mchezo ulionyesha kwamba ndani wanakaa watu wanne. Sikuwajua ni akina nani, lakini niliwaamkia kila nilipofungua kompyuta, kimoyomoyo, Mama Neema asinicheke.

Nilipomwambia Sefu kuhusu mji huo kwenye simu ya baba mdogo, akasema, "Dada, na mie nataka upande." Baba mdogo alikuwa na kompyuta ya kazi nyumbani na hakutaka mchezo ukae humo, ila Jumapili alimruhusu Sefu kuchomeka flashi na kucheza kutoka humohumo. Kwa hiyo mchezo, mji na kila kitu vikahamia kwenye flashi moja ndogo nyeusi. Tukagawana: ng'ambo ya huku yangu, ng'ambo ya kule yake.

Tatizo likawa kuifikisha. Mamkubwa alikuwa anakwenda Buguruni kila Jumamosi alfajiri kuchukua mboga za genge, na mke wa baba mdogo, tuliyemwita mama mdogo, alikuwa anafika hapohapo kununua vya nyumbani. Wakakubaliana kuonana kwa muuza nazi mmoja. Mamkubwa aliifunga flashi kwenye pindo la kanga, pale wanawake wanapofunga hela, akaifungua mbele ya nazi, na mama mdogo akaifunga kwenye pindo lake. Wote wawili waliamini ni masomo. "Mtoto anapenda shule huyu," mamkubwa alikuwa akisema, "kila wiki anataka masomo!" Sikumsahihisha. Nilipenda kufikiri kwamba anapita katikati ya makuli na magunia ya vitunguu akiwa na mji mzima kiunoni.

Jumamosi moja flashi ilikwenda, Jumamosi iliyofuata ilirudi. Ndani yake Sefu alikuwa akiniwekea barua fupi.

"Dada mji wako una foleni kama Buguruni. Gari la zimamoto limekaa njiani mpaka nyumba imeisha kuungua."

Namjibu: "We mtoto, achana na barabara zangu. Jenga kwako."

"Kwangu nimejenga uwanja wa mpira. Watu wako wanataka kuja hawana njia."

"Waogelee."

Siwezi kuwaambia barua zile zilikuwa nini kwangu. Mamkubwa alikuwa mtu mwema lakini mchovu. Tulikuwa tunaweza kula chakula kizima bila neno. Wateja wa Mama Neema walinisemesha kuhusu kurasa. Rafiki zangu wa shule walipita barabarani wakiwa kundi, wakanipungia mkono, wakaendelea na stori ambayo sikujua mwanzo wake. Mtu pekee aliyenichokoza wiki nzima alikuwa Sefu, na alikuwa ndani ya kifaa kidogo kuliko kidole changu.

Kisha ikaja Jumatatu ile. Nilifungua mji mchana, duka likiwa tupu, nikakimbilia mtoni kama kawaida yangu. Paa la bluu halikuwepo. Mahali pake palipita barabara pana ya lami, njia nne, imenyooka, ikipanda daraja na kuvuka mto. Miti mitatu haikuwepo. Kibao hakikuwepo. Nikafungua barua. Mstari wa kwanza ulisema: "Dada usikasirike, nimebomoa Kwetu."

Sikusoma zaidi. Sikusogeza hata picha kuona barabara ile inaishia wapi. Nilifuta mji, nikafuta barua, nikafuta na mchezo wenyewe. Mashine iliniuliza kama nina hakika, nami nilikuwa na hakika.

Mama Neema aliporudi alinikuta napanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. "Vipi, wananchi wamegoma?" akauliza. Nikamwambia nimeacha kucheza, mimi si mtoto.

Jumamosi hiyo mamkubwa aliondoka bila flashi. Akarudi na salamu: Sefu anauliza masomo yake. Nikasema bado sijamaliza. Jumamosi ya pili hivyohivyo. Ya tatu mamkubwa alishusha kapu, akajinyoosha mgongo, akasema, "Mwenzio anauliza jibu. Mama mdogo wako anasema mtoto kila saa jibu, jibu. Jibu la nini?"

Nilidhani Sefu anataka msamaha. "Mwambie sina la kumjibu," nikasema.

Mamkubwa alilipeleka neno hilo Buguruni kama nilivyompa. Baada ya hapo Sefu hakuuliza tena.

Tulionana Idi. Mamkubwa na mimi tulikwenda Gongo la Mboto na sufuria la maandazi. Nilikuwa nimeshamsamehe, tena nilikuwa nimejiandaa kumwambia hivyo, kwa upole, kama mkubwa anavyotakiwa. Zamani Sefu akiniona alikuwa ananirukia mgongoni. Siku ile alisimama mlangoni na kanzu yake mpya, akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo dada," kama ninavyosalimiwa na watoto wa watu.

Nilimkuta baadaye uani, anaosha vikombe. Upande wa pili wa ua kulikuwa na chumba chenye pazia la maua, na mwanamke nisiyemjua alikuwa mlangoni pake anakaanga samaki.

"Bado umeninunia?" nikamuuliza.

"Sijanuna."

"Ulibomoa nyumba yetu, Sefu."

Akageuka. "Kwani dada hukuvuka?"

"Kuvuka wapi?"

"Daraja! Nyumba niliihamishia ng'ambo. Upande wako maji yalikuwa hayafiki tena, moto ukiwaka gari halipiti, sasa ningefanyaje? Nikajenga tatu kule, zinatazamana. Ya Zuhura, yangu, na yako katikati. Kibao nikakirudisha. Si nilikuandikia?"

Nikamwambia nilisoma mstari wa kwanza tu.

Aliweka kikombe chini, povu likimdondoka mikononi. Kisha akatazama kile chumba cha pazia la maua. "Basi hukufika kwenye chumba," akasema.

Ndipo akanieleza. Barua ile, baada ya mstari wa kwanza, ilikuwa inauliza kama nitakubali kuhamia Gongo la Mboto. Chumba cha uani kilikuwa wazi. Jirani yao alikuwa mwalimu, angenifundisha jioni mpaka nifanye mtihani. Lakini kilichoamuliwa na ukoo kwenye mkeka wa arobaini hakibadilishwi kwa kusimama na kukisema. Baba mdogo asingeweza kumwambia mamkubwa, "Nipe na huyu," bila kuwa amemwambia hajui kulea. Ilibidi kwanza neno lipite pembeni, lisikike kwangu peke yangu. Nikikubali, ndipo yeye aje Mtoni na kilo ya sukari, aanze kulizungusha taratibu kana kwamba limetoka kwa mamkubwa mwenyewe. Na njia ya pembeni iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Akamwambia Sefu amuulize dadake kwenye yale masomo yao.

Na jibu likaja, kupitia kwa mamkubwa, kwa muuza nazi, mpaka kwa mama mdogo: dada hana la kujibu.

"Si ungeuliza tena?" nikamwambia. Sauti yangu ilikuwa inataka kugombeza na haikupata wa kumgombeza.

"Baba mdogo alisema tusikulazimishe," Sefu akasema, akirudi kwenye vikombe. "Alisema dada yako ni mtu wa msimamo, akikataa amekataa. Halafu yule mama akaja kupanga."

Watoto wenzake wakamwita kutoka nje. Akafuta mikono kwenye kanzu mpya, akatoka mbio.

Nimekuwa mtu wa msimamo maisha yangu yote, na sijutii yote. Nilibaki kwenye nyumba ile, haikupigwa X, na Zuhura alipofika umri wa sekondari alikuwa na pa kurudi. Nilijifunza kushona, nikamsomesha. Wakubwa waliokaa kwenye mkeka ule wengi wameshatangulia, na waliobaki wananitaja kwa wema. Lakini nilikuwa mkubwa kabla sijajua ukubwa ni nini. Nilidhani ni kusimama mahali palipoachwa na wazazi nisiruhusu kitu kisogezwe. Sikujua kwamba mtoto wa miaka kumi, kule Gongo la Mboto, alikuwa ameshaona kwamba mahali hapo hatutaenea tena watatu, na Jumapili moja, kwa ruhusa ya saa chache, akabeba yote akaenda kuyapanga upya palipo na nafasi. Jumamosi tatu alisubiri kusikia kama nimepapenda.

Sefu sasa ni fundi umeme, yuko Dodoma, ana watoto wawili. Hatujawahi kugombana. Kila Ijumaa ananipigia, ananiamkia kabla sijasema haloo, ananiuliza afya, ananiuliza cherehani. Mwaka jana nilisikia kwa watu kwamba mkewe alilazwa wiki mbili na watoto walikuwa hawana wa kukaa nao. Nikampigia nikamwambia, "Sefu, kwa nini hukuniita? Ningekuja siku hiyohiyo."

"Sikutaka kukusumbua dada," akasema, kwa adabu kabisa.

Tangu Idi ile hajaniomba kitu.