Mama Koleo, mkamata nyoka aliyepotea mtandaoni

Saa tisa alasiri, mwanamke wa makamo amelala kifudifudi kwenye sakafu ya jiko lisilo lake, tochi mdomoni, akichungulia nyuma ya jokofu. Mkono wa kulia umeshika koleo refu la chuma. Machoni amevaa miwani ya plastiki kama ile ya maseremala.

Mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, amesimama juu ya meza ya kulia chakula, viatu mkononi. Ameombwa anyamaze, lakini hofu imemfungua mdomo. Anauliza kama nyoka ametoka, kama ni mkubwa, kama wako wawili.

Nyuma ya jokofu, pale mota inapotoa joto, amejikunja swila, nyoka anayetema sumu akilenga macho. Anapumua kwa nguvu, sauti kama tairi linalotoa upepo. Koleo linasogea taratibu. Mkono unaolishika unatetemeka, na mwenye mkono hajaribu kuuficha.

Nyoka anapoingia kwenye ndoo na kifuniko kufungwa, mwanamke huyo anakaa chini, mgongo ukutani, anasubiri mapigo ya moyo yatulie. Kisha anauliza swali ambalo humuuliza kila mteja.

"Uliandika maneno gani kwenye simu?"

Mwalimu anamwonyesha. *Nyoka kaingia jikoni nifanye nini*. Ukurasa wa kwanza kutokea ulikuwa wa mwanamke huyo.

Mtaani wanamwita Mama Koleo. Kwa miaka mingi alikuwa mfagizi katika kituo kilichofuga nyoka kwa ajili ya utafiti wa sumu. Msimamizi wa mabanda alimfundisha kuwashika, kwanza waliokufa, baadaye walio hai. Kituo kilipofungwa alibaki na koleo, ndoo na binti wa kusomesha.

Mdogo wake, fundi wa kompyuta, alimtengenezea tovuti. Juu kabisa aliandika kwa herufi kubwa: Huduma za Kitaalamu za Udhibiti wa Reptilia. Simu haikulia.

"Nilimwambia, mdogo wangu, mtu nyoka akiwa chini ya kitanda chake hatafuti reptilia," anasema Mama Koleo. "Akacheka. Lakini wala hakubadilisha."

Ndipo akaja kijana mmoja nadhifu aliyejiita mtaalamu wa mitandao, akaahidi kuipandisha tovuti hadi juu. Kazi yake aliimaliza kwa siku moja. Neno nyoka alilitia katika kila sentensi, hata pasipo na maana. Chini ya ukurasa akapanga majina ya mitaa yote ya mji na ya miji mingine, kwa maandishi meupe juu ya rangi nyeupe. Msomaji asingeyaona, ila mtambo wa kutafuta ungeyaona.

Kwa muda simu ililia mpaka Mama Koleo akachoka. Kisha ikanyamaza.

Alidhani imeharibika. Akamwomba binti yake ampigie, ikalia vizuri. Wakatafuta tovuti pamoja, ukurasa wa kwanza wa majibu, wa pili, wa tano. Haikuwepo. Mdogo wake ndiye aliyemweleza kilichotokea: mitambo hiyo hutafuta maneno yanayofanana na aliyoandika mtu, lakini ikigundua yamejazwa ili kuihadaa, huushusha ukurasa chini kabisa, mahali pasipofika mtu.

Mama Koleo hakushtuka sana. Aliona ni biashara imelala, itaamka.

Wiki ile ile, mitaa michache kutoka kwake, mshonaji nguo alimwona nyoka akiingia chini ya kabati. Alikuwa peke yake na mtoto mchanga. Akamweka mtoto nje kwa jirani, akarudi mlangoni, akatafuta msaada kwenye simu. Jibu la kwanza lilitoka kwa wauzaji wa unga wa kufukuza nyoka, walioshauri mtu amnyunyizie nyoka, kwa karibu, chochote chenye harufu kali. Akachukua sabuni ya unga, akapiga magoti mbele ya kabati.

Sumu ilimpata macho yote mawili.

Mama Koleo alipata habari kwa majirani, akaenda hospitali. Alimkuta amefungwa bandeji, akiuliza kila anayeingia kama ni mchana.

"Saa ile mimi nilikuwa nyumbani nakunja nguo," anasema, sauti imeshuka. "Ningefika kwa miguu. Yeye hakujua kama nipo, na mimi sikujua kama ananitafuta."

Jicho moja la mshonaji lilipona. Jingine linaona ukungu hadi leo. Mshonaji alipotoka hospitali, Mama Koleo alikwenda na mdogo wake wakakaa naye barazani, wakamwomba awaambie alichoandika siku ile, neno kwa neno. Aliandika *nyoka chini ya kabati nisaidieni*.

Kutoka hapo tovuti iliandikwa upya. Maneno meupe yalifutwa. Kichwa cha habari kikawa "Nyoka ameingia ndani? Fanya hivi", kwa sababu ndivyo watu wanavyouliza. Sentensi za kwanza zinasema usimsogelee, toa watu, funga mlango, ziba uwazi wa chini kwa nguo, piga namba hii. Zinasema pia kwamba sumu ikiingia machoni, osha kwa maji safi mengi na uende hospitali mara moja. Maneno ya wateja yanaingizwa pale tu yanapokaa vizuri.

Ukurasa ulipanda polepole, miezi kadhaa, hadi ukafika juu. Hata hivyo Mama Koleo hajatulia. Kila asubuhi, kabla ya chai, anatafuta maneno ya mshonaji kuona nani yuko wa kwanza. Siku wauzaji wa unga walipompita, anasema, hakuweza kula.

Na sasa kuna hofu nyingine. Ukurasa umejulikana mbali kuliko miguu yake inakofika. Majuzi alipigiwa na baba mmoja wa mji wa mbali, safari ya nusu siku. Nyoka alikuwa mlangoni, baba na wanawe chumbani. Mama Koleo akamwelekeza kwa simu watoke dirishani, mmoja mmoja. Katikati ya maelezo simu ikakatika.

"Nilipiga, haipatikani. Nikapiga tena. Nilikaa na ile simu mapajani kama mgonjwa." Baba yule alimpigia jioni. Chaji ilikuwa imekwisha. Wote walikuwa salama.

Ndiyo maana anataka kufundisha watu wa miji mingine, ukurasa uonyeshe namba ya aliye karibu. Mwanafunzi wake wa kwanza ni mwanamke anayefanya kazi machinjioni, mtu asiyeogopa damu. Wiki iliyopita alishika nyoka hai kwa mara ya kwanza, mdogo, asiye na sumu.

"Mikono ilimtetemeka mpaka koleo likawa linagonga ndoo," anasema Mama Koleo. "Akaniuliza, dada, hii itaacha lini? Nikamwambia sijui. Mimi mwenyewe bado sijafika huko."