Poda Isiyokuwa Yangu

Siku matokeo ya mtihani wa serikali yalipotoka, nilikuwa nimesimama mbele ya kibanda cha kuchaji simu, na ujumbe ulikuwa wazi kabisa: sikupita. Niliusoma mara nne. Mimi ni mtu wa kusoma kitu mara nne. Kisha nikaanza kurudi nyumbani huku nikipanga namna ya kumwambia Mama, sentensi ya kwanza, ya pili, mpaka ya mwisho.

Sikupata nafasi ya kuisema hata moja. Kwa jirani walikuwa wameshaanza kupiga kelele, kwa sababu binti yao, niliyekaa naye dawati moja miaka yote ya sekondari, alikuwa amepita. Kwetu Kalemie mtu akipata diploma anamwagiwa poda, ile nyeupe ya watoto wachanga, kuanzia kichwani hadi mabegani, na anatembea nayo mtaani ili kila mtu ajue. Mama alisikia zile kelele, akaniona naingia na simu mkononi, akaelewa alivyotaka kuelewa. Alitoka ndani mbio na kopo jipya.

"Mutoto wangu njo huyu! Muone, njo huyu!"

Poda iliniingia machoni, puani, mdomoni. Wamama wa mtaa wakaanza kuimba. Nilitaka kusema, nikakohoa. Mama alikuwa anacheza bila viatu, na tangu Baba afariki sikuwa nimemwona akicheza. Niliogopa kuukata ule wimbo. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni wageni walikuwa bado wamekaa. Nikajiambia kesho.

Miaka minne ikapita.

Nilipoulizwa karatasi yenyewe iko wapi, nilisema haijafika kutoka Kinshasa, na kwa kuwa karatasi za watu wengi huchelewa kweli, hakuna aliyeshangaa. Lakini nilijua kwamba siku yoyote mtu anaweza kunishika, kwa hiyo nikaanza kujifundisha. Nilinunua vitabu vya mitumba, nikajaza madaftari, nikajifunza kuchapa kwenye kompyuta bila kutazama vidole. Nikapata kazi kwenye kibanda cha kuchapa barua na kufanya fotokopi, si mbali na bandari. Watu walinisifu kwamba barua zangu hazina kosa. Hawakujua kwamba ukurasa mmoja niliusahihisha mara kumi. Niliona kwamba nikiacha kosa moja tu, watavuta uzi huo mpaka wafike kwenye ile poda.

Shule moja ya msingi iliniomba nikafundishe. Nilikataa, kwa sababu walitaka kuona diploma. Mama alinikasirikia wiki nzima.

Hata maombi niliyasahihisha. Nikikosea neno nilirudia tangu mwanzo, kama ninavyochapa upya ukurasa. Mungu niliyemwomba alikuwa na kalamu nyekundu mkononi, na mimi nilikuwa nasubiri tu aniwekee alama.

Mwaka huu nikajiandikisha kwa ubatizo. Nasema ukweli: nilijiandikisha kwa sababu wenzangu wote wa kwaya walikuwa wameshabatizwa na niliona aibu kubaki nyuma. Mwalimu wetu wa ubatizo ni mama mmoja mnene, mcheshi, anayefundisha akiwa anajipepea na bahasha. Somo la kwanza alitutuma nyumbani tuandike kila mmoja yeye ni nani mbele ya Mungu. Niliandika mara tatu, nikachagua ile bora, nikaisoma mbele ya wenzangu kwa sauti nzuri. Masomo yangu, kazi yangu, utumishi wangu katika kwaya.

Mama mwalimu alijipepea kidogo.

"Barua nzuri ya kuomba kazi," akasema. "Lakini Mungu hana biro ya kuajiri watu."

Wenzangu walicheka. Mimi pia nilicheka, kisha nikaenda nyumbani na sikula.

Wiki moja kabla ya ubatizo, kanisa lilileta kwenye kibanda chetu orodha ya watakaobatizwa, ili niichape. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mtaa, masomo. Nilichapa majina ya wengine wote kwa haraka. Nilipofika kwenye jina langu, chini ya masomo nikaandika D6, kama tunavyoiita diploma ya serikali. Nikafuta. Nikaandika tena. Nikafuta. Mteja mmoja mwenye kitambulisho chake mkononi aliniuliza kama mashine imeharibika. Nikamwambia ndiyo, imeharibika, na kwa namna fulani sikuwa nimedanganya. Mwishoni nikapeleka orodha kanisani na pale kwangu pakiwa patupu.

Mama mwalimu aliipitishia kidole. "Hapa kwako umesahau."

"Sikusahau, mama."

Na hapo ndipo nilipomwambia yote. Sikuwa nimepanga sentensi hata moja. Nililia vibaya, kwa kamasi, nikajifuta kwa mkono. Yeye alisubiri mpaka nikanyamaza.

"Unajua kwa nini niliomba waandike masomo? Nijue nani hawezi kusoma, ili nimusomee maswali ya ubatizo. Weye unaweza kusoma?"

"Ndiyo, mama."

"Basi kwangu imeisha." Akaweka bahasha chini. "Lakini uniambie. Miaka hii yote, Mungu alikuwa anapenda nani? Ule mwenye diploma? Ule hayuko. Mungu hawezi kupenda muntu asiyekuwako. Alikuwa anapenda huyu mwenye kamasi."

Sijui kulieleza jambo hili vizuri, na nimeshafuta sentensi hii mara kadhaa. Nilikuwa nimeomba miaka minne kwa jina la msichana ambaye hakuwapo, nikamtengenezea sifa, nikamlinda usiku na mchana, na nilikuwa nimechoka. Wakati huo wote mwenyewe nilikuwa ninajulikana, sifuri zangu zote zikiwa mezani, na hakuna aliyenifukuza. Mabega yangu yalishuka. Sikujua kwamba yalikuwa juu.

"Na mama yako?" akauliza.

"Hajui."

"Aa, hapo siwezi kukusaidia. Ubatizo ni Jumapili. Ukitoka majini, mama yako atapigia nani makofi?"

Mama anauza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Nilimkuta uani mchana wa Jumatano, anatoa mchanga kwenye ungo. Nikakaa upande wa pili wa ungo, nikaanza kuchambua naye.

"Mama, ile siku ya poda. Sikupita."

Vidole vyake viliendelea. "Hukupita wapi?"

"Mutihani, Mama. Ulikuja na poda kabla sijasema. Sina diploma. Sikupata kamwe."

Akaacha ungo. "Mimi nimeambia soko nzima."

"Najua."

"Mama wa unga, nimegombana naye juu yako! Alisema, kama ana diploma, mbona anapiga fotokopi?"

"Alisema kweli."

"Nyamaza! Hata kama alisema kweli, alisema vibaya." Akasimama, akajikung'uta kitenge. "Na lile kopo lilikuwa jipya."

Siku mbili alinisemesha kwa sufuria tu. Kila kifuniko kilipigwa kuliko ilivyohitajika. Niliogopa, lakini cha ajabu nililala. Ijumaa, akiwa ananipa kikombe cha chai, akauliza bila kunitazama:

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba, Mama."

"Ningeacha kuimba," akasema. "Kisha ningekupikia."

Jumapili aliondoka nyumbani kabla yangu na hakusema anakwenda wapi. Ufukweni, nikiwa na kanzu nyeupe katikati ya wenzangu, nilitafuta uso wake kati ya watu, sikuuona. Nikaingia majini hivyo hivyo. Maji yalikuwa baridi, wimbi likanipiga mdomoni wakati mchungaji ananiuliza kama ninaamini, kwa hiyo jibu langu kubwa lilitoka na kikohozi. Halikurudiwa. Lilipokelewa jinsi lilivyotoka.

Nilipoinuka, nikamwona. Alikuwa amesimama mbele kabisa, miguu ndani ya maji, na shingo yake ilikuwa nyeupe. Alikuwa amejipaka poda shingoni na kifuani, kama wanavyofanya wanawake kwetu mtoto anapozaliwa katika nyumba. Mama mmoja wa kanisa alishangaa.

"Weye, nani amezaa kwenu?"

"Mimi."

"Kwa umri huo! Mutoto yuko wapi?"

Mama akaninyooshea kidole. "Njo yule anatoka. Hana diploma. Ni wangu."

Alilisema kwa sauti ya sokoni, kila mtu akasikia, na mimi niliyeogopa neno hilo miaka minne nilicheka mpaka maji yakanitoka puani. Mwaka ujao nitaufanya tena ule mtihani, kama mtu aliyejifundisha mwenyewe. Nisipopita, Mama atajua siku hiyo hiyo.

Akanitupia kitenge kikavu begani. Nikajifunga haraka, upande mmoja ukawa mrefu kuliko mwingine. Niliona. Nikauacha.