Aron Alivyokata Chai Kumwonyesha Mke Wake Kesho Iko

Hapa kwetu Mogogosiek, ukimkuta mtu anakata chai mwezi wa Januari, muulize kwanza kama amelala vizuri.

Shemeji yangu Aron nilimkuta anakata. Jua kali, panga mkononi, shamba lote limebaki vijiti vya kufika magotini.

"Wewe, chai hukatwa wakati wa baridi," nikamwambia. "Jua hili litaichoma hadi mizizi."

"Wacha dada yako aone. Anasema dunia haitafika Pasaka. Chai ikikatwa huchipuka ndani ya miezi mitatu. Ataichuma na mikono yake mwenyewe, ndio aaibike."

Dada yangu Rodah alikuwa amesimama mlangoni. 

Rodah alichuma chai kwenye shamba kubwa la kampuni tangu akiwa msichana. Mwaka jana zikaletwa mashine za kuchuma, wanawake wakaambiwa warudi nyumbani.

Akarudi, kikapu tupu mgongoni.

"Sasa utapumzika," Aron akamwambia. Basi. Hakuna lingine alilomwambia.

Mwezi haukuisha, Rodah akawa anapanda mlima na wale watu wanaoomba huko juu, wanaosema siku zimekwisha.

Aron akapata mchezo. Wageni wakija anaanza. "Mama Nelvine, Yesu anakuja asubuhi ama jioni? Nijue kama nitakula ugali."

Watu wanacheka. Rodah anaosha vyombo.

Siku moja Aron alimtolea aya ya Biblia, Rodah akamtolea tatu. Ndipo akaenda kuchukua panga.

Pasaka ikafika, ikapita. Dunia ikabaki.

Chai ndiyo haikubaki. Vijiti vilikauka vikawa kuni, na shamba lile ndilo lilikuwa linawalisha tangu mshahara wa Rodah ulipokatika.

Nilikuwepo siku walipoingia shambani kuangalia. Rodah akavunja kijiti kimoja.

"Baba Nelvine, niliambiwa mwisho unakuja. Sikuambiwa ni wewe utauleta."

"Ni wewe ulinisukuma!"

"Umeniuliza ni lini, ni lini. Hujaniuliza hata siku moja ni kwa nini."

 Nikauliza mimi.

"Ni kwa nini, dada?"



"Kwangu dunia ilikuwa imeisha tayari," akasema. "Nilitaka iishie watu wote, isiwe mimi peke yangu."

 Mimi pia nilikuwa kati ya waliocheka ule mzaha wa ugali.

Rodah hapandi mlima tena. Anang'oa visiki, anapanda viazi.

Anayepanda mlima siku hizi ni Aron. Amefunga kitambaa cheupe kichwani, na ukimsalimu anakuambia utubu, muda umekwisha.

Rodah hamcheki. Wala hamuulizi kitu.

Wewe uliye na mtu kama huyo nyumbani, wachana na tarehe. Tarehe utamshinda, na haitakusaidia. Muulize ni nini kilimwishia, halafu ufunge mdomo usikie. Wale wawili wanalala kitanda kimoja na hakuna aliyemuuliza mwenzake mpaka leo.