Shahidi Ng'ambo ya Mto

Mimi si mtu wa mashamba. Nimezaliwa Unguja mjini, na kwa miaka minne sasa naendesha gari la familia moja ya Al Thumama, hapa Doha, kutwa nzima kiyoyozi kinanipuliza usoni. Kwa hiyo nikisema kwamba siku bora kabisa ya likizo yangu ya mwaka jana niliipata kando ya mto Rufiji, juu ya baiskeli ya kuazima, nikila vumbi, wanaonijua wanacheka. Wacheke tu.

Chanzo ni mwenzangu wa chumba. Tunakaa mtaa wa Najma, vitanda vinne, na chake kinatazamana na changu. Ni mlinzi wa jengo moja Al Wakrah, mtu mpole kiasi cha kuudhi. Alikuwa hajaenda kwao miaka sita, kwa sababu mara mbili alibadilisha kazi likizo ikiwa imekaribia, ikabidi aanze upya. Basi zikamfikia habari kwamba mama yake anaamini amekufa.

Ilikuwa hivi. Kijana wa kijiji cha jirani alifariki kwa maradhi huku Uarabuni. Habari ikavuka mto, na ilipofika kwa yule mama ikawa imeshageuka kuwa ya mwanawe. Jamaa walimwambia si kweli, hakuwasikiliza. Na alikuwa na haki, maana miaka ya nyuma walimficha msiba wa kaka yake wiki nzima, wanamwambia mgonjwa anaendelea vizuri, kumbe wameshazika. Tunafanya hivyo sana, tunaona ni huruma. Sasa macho yake yana mtoto wa jicho, video ya simu haioni, na masikio ni mazito, sauti ya kwenye simu kwake ni ya mtu yeyote. Akawaambia wamletee mtu aliyekaa na mwanawe, ama sivyo akishamaliza kuvuna anamsomea hitima.

"Nenda wewe," mwenzangu akaniambia. "Likizo yako imeshatoka."

"Mimi? Huko kwenye mamba?"

"Mamba hawali Mzanzibari, bwana. Mna maneno mengi, mtawakwama kooni."

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Akasema, "Mama yangu akishanisomea hitima, mimi nitarudi kwa nani?" Nikamwambia nitakwenda.

Njia alinielekeza mwenyewe, kwa uhakika wa mtu anayeeleza chumba chake. Nifuate ukingo mpaka kwenye mkorosho mkubwa, nivuke hapo, dungu la mama naliona. Wenyeji wa kule hulima bondeni maji ya mafuriko yakishapwa, na msimu wote huhamia shambani, kwenye vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Hayo ndiyo madungu.

Nilishuka basi kijijini kwa mjomba wake, naye akanipa baiskeli yake, chuma kitupu, haina breki hata moja. Nilipouliza, alishangaa kweli. "Breki ya nini, mwanangu? Mchanga utakusimamisha."

Na ulinisimamisha. Nilipanda, nikashuka, nikasukuma, nikapanda tena. Nilimlaani mwenzangu kwa majina ambayo siwezi kuyaandika. Lakini katikati ya hasira nilianza kuona nilipo. Mpunga ulianikwa kwenye mikeka, mahindi yamenizidi kimo, na udongo wa ukingoni ulikuwa mweusi, una harufu ya mvua ingawa mvua haikuwepo. Doha udongo wa namna hiyo nauona ndani ya vyungu vya maua. Nilisimama nikauchota mkononi, nikaunusa, mtu mzima na akili zangu. Nilifurahi, nasema kweli.

Mkorosho sikuuona. Nilikwenda mbele, nikarudi, mwisho nikamuuliza mama mmoja aliyekuwa akigeuza mpunga wake juani.

"Mto umehama, mwanangu," akasema. "Hiyo njia unayoitaja iko katikati ya maji."

Kumbe miaka sita mwenzangu alikuwa na ramani ya nchi iliyokwishazama. Yule mama hakunionyesha njia kwa kidole. Aliacha mpunga wake, akaniambia niegemeze baiskeli ukutani kwake, akatembea nami karibu nusu saa mpaka kwenye kivuko kipya, kisha akageuka kurudi kazini. Hata jina sikumuuliza. Namwombea mpaka leo.

Nilivushwa kwa mtumbwi, nimeshika kingo zake kwa mikono miwili, macho nimefumba. Ng'ambo nikaenda kwa miguu, viatu mkononi, tope mpaka kwenye vigimbi, nikiuliza dungu baada ya dungu. Nilimkuta mama wa mwenzangu ameketi chini ya dungu lake, akipukuchua mahindi kwa kupapasa. Nikamwamkia kwa sauti kubwa, akaitikia, nikamweleza natoka Doha, nakaa na mwanawe.

"Wamekufundisha useme nini?" akaniuliza.

Nikaanza na urefu wake, nikaja kwenye kovu la gotini. Akanikatiza.

"Hilo kovu hata mbuzi wa hapa wanalijua. Niambie lisilojulikana."

Nilikuwa nimechoka, nina njaa, na ubishi wake ulinipandisha hasira. Nikasema, "Basi mama, mimi ninalolijua ni kwamba mwanao hatulazi! Tuko ghorofa ya tatu, katikati ya mji, na mtu anapiga chuma cha kitanda usingizini, anapiga kelele nguruwe kaingia kwenye mahindi! Nguruwe atoke wapi Doha? 'Mama, piga debe! Mama, piga debe!' Chumba kizima tunaamka."

Mikono yake ikasimama.

"Anasema 'mama, piga debe'?"

"Kila wiki."

Akaliweka gunzi chini polepole. Zamani alikuwa akilala na mwanawe hapo hapo juu, mtoto wa miaka saba, wakilinda shamba wawili peke yao, na debe la kufukuzia nguruwe lilikuwa upande wa mama. Hayo alinieleza baadaye. Wakati ule alilia tu, kwa sauti, nami nikalia pamoja naye bila kuona haya.

Kisha akafuta uso, akaita majirani, akaagiza moto. Akatoa kikapu cha mchele akaupima kwa vikombe mpaka ukaisha wote. Watu walikuja wakajaa, wali wa nazi ukapakuliwa kwenye sinia, na yeye akanisogezea upande wenye nyama. "Huu niliutenga kwa hitima yake," akasema. "Kula, baba. Kula ushibe." Sijawahi kupewa heshima kama ile, na sijui niliifanyia nini.

Kwa simu nilimwambia mwenzangu kwamba mama yake ameamini, mengine nikayabeba mpaka Najma. Nilipoingia chumbani alikuwa ameketi kitandani na sare ya kazi, hajavua hata viatu.

"Alisemaje?"

"Hakusema sana. Alinilisha hitima yako."

Alinitazama. Halafu akacheka mpaka akateleza, akakaa sakafuni, akafunika uso kwa viganja na mabega yakaanza kumtetemeka. Nikakaa chini kando yake.

"Ilikuwa na nazi?" akauliza, uso bado ameufunika.

"Nazi nyingi," nikamwambia. "Na hakubakiza hata punje ya akiba."